Karatasi Hiyo Si Yako, Sajenti

Jambo afande, na shikamoo mama.

Nakusoma kila wiki, na najua ulivaa sare miaka mingi kabla ya kuanza kutushauri. Ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe badala ya kulipeleka jambo hili kwa wazee wa ukoo. Mimi ni sajenti, nina miaka 39, mzaliwa wa Makorora hapa Tanga. Kikosi changu kipo mkoa mwingine, naomba nisikitaje. Niko nyumbani kwa likizo inayoisha Jumatatu ijayo.

Miezi miwili iliyopita askari mmoja wa kike wa platuni yangu alinisubiri nje ya ghala la vifaa. Ni binti mdogo, mtu wa kwetu Tanga, mtulivu, na bunduki yake ndiyo safi kuliko zote katika platuni. Alinipa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imekunjwa mara nne, imelowa jasho la kiganja. Akasema, "Afande, naomba uisome ukiwa peke yako," akaondoka mbio.

Aliandika kuhusu sajenti meja wa kombania yetu. Tangu binti huyo aripoti, kila akipita jamaa humwita "Tanga" badala ya jina lake, na humuuliza mbele ya wenzake ilikuwaje binti wa Tanga asijue kumpokea mgeni. Siku ya shabaha alimshika kiuno akisema anamrekebisha mkao, na mkono haukutoka haraka. Mwisho akamwambia kwamba akitaka lindo lake liwe jepesi, aende nyumbani kwake jioni wazungumze.

Sasa mama, huyo sajenti meja ni rafiki yangu. Tulikuwa kuruta pamoja, hanga moja, tukichangia ndoo moja ya kuogea. Nilipooa, yeye ndiye aliyesimama upande wangu.

Nilichofanya ni hiki. Jumapili jioni niliwaita wote wawili chini ya mwarobaini nyuma ya karakana. Nilinunua soda tatu. Nikasema sisi ni familia moja, jambo hili tulimalize hapahapa lisifike juu. Rafiki yangu akacheka, akasema alikuwa anatania tu, binti ana roho nyepesi. Binti alikuwa amesimama mguu sawa muda wote. Nikamwambia naye aseme neno. Akasema, "Samahani afande." Soda yake hakuifungua. Nikaona yamekwisha.

Hayakwisha. Wiki iliyofuata alipangwa lindo la usiku mara nne mfululizo, na mchana wa kupumzika akapewa kazi ya kufyeka. Wenzake hawakai naye tena mezani, wanamwita "Mama Barua". Mara mbili ameripoti mgonjwa. Kwangu hajalalamika tena. Nikimsalimia ananijibu "Jambo afande" akiangalia viatu vyangu.

Alhamisi iliyopita nilikuwa soko la Mgandini na mke wangu, tukakutana na mama yake. Alipojua niko kikosi kimoja na mwanawe alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Hajambo mwanangu? Siku hizi kwenye simu ananijibu kwa mkato." Nikamwambia hajambo. Kesho yake akaleta nyumbani kifurushi: visheti, dagaa na kanga mpya, nimpelekee. Kipo juu ya kabati. Kila nikiingia chumbani nakiona.

Mke wangu ananiambia nisijitie, nitaharibu kazi na urafiki. Nikilipeleka juu sasa nitaonekana msaliti, tena nitaulizwa karatasi ilikaa wapi miezi miwili. Nimeze tu? Nimwombe rafiki yangu aache? Au nimshauri binti aombe uhamisho? Karatasi bado ninayo, iko ndani ya kifuko cha kitambulisho changu.

Sajenti, Makorora

*

Marahaba mwanangu, na jambo.

Kwanza ujue kwamba jibu hili nimekutumia wewe kabla ya kulichapa, na kwenye barua yako nimebadilisha mambo kadhaa ili asiyepaswa kujua mwenyewe ni nani asijue.

Nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale pale, kwenye ile soda ambayo haikufunguliwa. Nakuuliza, baba, yule binti alikuwa anaomba samahani ya nini? Yeye ndiye aliyeshikwa kiuno. Yeye ndiye aliyeitwa jina la mji badala ya jina alilopewa na wazazi wake. Ukamwita mbele ya mtu anayemwogopa, ukamwambia aseme neno, naye akasema neno pekee ambalo askari wa chini analo ulimini akiwa amesimama mguu sawa mbele ya wakubwa wawili. Ukalichukua neno hilo ukaliita suluhu.

Najua umelitoa wapi jambo hilo, kwa sababu na mimi nimelelewa hapa. Kwetu pwani wawili wakigombana mzee huwaita barazani, kahawa inamiminwa, kila mmoja anasema lake, mwisho watu wanaambiana yaishe. Desturi hiyo naipenda na sitaitupa. Nimeona ikiokoa ndoa Ngamiani, nimeona wavuvi waliokuwa wameshikiana visu kwa ajili ya nyavu wakirudi kuvua ngalawa moja. Lakini wale huwa wamekaa mkeka mmoja. Wakitoka pale, hakuna anayempangia mwenzake alale saa ngapi. Wewe ulimweka mwenye kalamu ya ratiba ya lindo pamoja na mwenye jina ndani ya ratiba hiyo. Walipoondoka chini ya mwarobaini, mmoja alirudi na kalamu yake, na sasa alikuwa anajua nani ameandika nini. Hapo ulimfichulia binti siri yake bila kumpa ulinzi wowote. Lindo nne za usiku zimetoka kwenye kikao chako. Sisemi hivi nikuumize. Nasema kwa sababu usipolikubali hili, hata utakachofanya Jumatatu utakifanya nusu nusu.

Na mimi nimewahi kulifanya, tena bila hata kununua soda. Nilifanya kazi kwenye ofisi ya utumishi, nikishika majalada ya askari. Mwaka wangu wa tatu kijana mmoja alikuja dirishani, akaniambia koplo wao anamlazimisha kila usiku asimame juu ya kitanda aimbe kwa lafudhi ya kwao ili wenzake wacheke, na asipoimba anamwagiwa maji. Nilimwambia avumilie, kozi inakaribia kwisha, jeshini ndivyo tulivyo. Baada ya siku chache hakuonekana paredi. Kwenye jalada lake niliandika neno moja kwa mkono wangu mwenyewe: mtoro. Alipokamatwa aliadhibiwa kwa utoro, na hakuna aliyemuuliza alikuwa anakimbia nini, kwa sababu aliyejua ni mimi, na mimi nilinyamaza. Tangu siku hiyo nikawa nasoma majalada kwa jicho jingine. Lalamiko lililozimwa hupotea kama lalamiko, halafu linarudi kwa jina jingine: utoro, ulevi, kusinzia lindoni, kuripoti mgonjwa kila mara. Umeniandikia kwamba binti ameripoti mgonjwa mara mbili. Soma hapo, sajenti.

Watakuwepo wasomaji watakaosema jeshi si mahali pa kulalamika. Hao nawakumbusha tu tulikotoka. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Manung'uniko yao yalikuwa mishahara, na maofisa Waingereza waliokuwa bado wamewakalia juu. Uasi ni uasi, siutetei hata chembe, na jeshi lile lilivunjwa. JWTZ ikaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, jeshi jipya kwa watu wapya. Lakini anayetufundisha utii peke yake akatuficha kwamba manung'uniko yalikuwepo kabla ya bunduki kuchukuliwa, huyo ametusomea nusu ya ukurasa. Binti yako hakugoma, hakutoroka, hakumjibu mkubwa wake vibaya. Aliandika, akampa kiongozi wa platuni yake. Hiyo ndiyo nidhamu yenyewe tuliyofundishwa. Aliyeikatiza ngazi ni wewe.

Kwa hiyo karatasi hiyo si yako. Uliipokea uipitishe, na bado unaweza kuipitisha.

Kabla ya Jumatatu, kaa uandike maelezo yako mwenyewe, tofauti na ya binti. Andika tarehe uliyopokea, mahali, saa. Andika kikao cha chini ya mwarobaini kama kilivyokuwa: nani alikaa, nani alisimama, nani alisema nini, kwa maneno yaleyale. Andika kwamba ulikaa nayo miezi miwili na kwamba hilo ni kosa lako. Usijipambe na usitafute maneno makubwa ya kisheria. Uliogopa kuulizwa karatasi ilikaa wapi. Utaulizwa, ndiyo, na jibu litakuwa limeshaandikwa kwa mkono wako kabla ya swali. Kupata onyo kwa kuchelewa ni nafuu kuliko kuja kusimama mbele ya bodi ya uchunguzi siku ambayo binti huyo amefanya jambo lisilorudishika akiwa lindoni peke yake usiku, na bunduki mkononi. Samahani kwa kulisema waziwazi, lakini ndilo linaloninyima usingizi tangu nisome barua yako.

Ukifika kikosini, usianze kwa rafiki yako wala kwa mkuu. Anza na binti. Mwite mchana, mahali pa wazi watu wanapoona lakini hawasikii, na kama kuna koplo au sajenti wa kike ambaye binti anamwamini, awepo. Mwombe radhi. Usimpe hotuba, mwambie tu: nilikosea kukuita kwenye kile kikao, nataka kuipeleka karatasi yako inakopaswa kwenda, wewe unasemaje? Halafu nyamaza umsikilize. Huenda akataka kuiandika upya kwa kuwa mengi yameongezeka. Huenda akasema ameghairi, na hapo umuulize anaogopa nini hasa, kwa sababu hofu yake nayo ni sehemu ya maelezo yako. Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Mwambie ukweli kwamba mkuu atajua, na mlalamikiwa atapewa nafasi ya kujibu. Karatasi ya asili isiandikwe upya kwa mkono wako, na yeye abaki na nakala.

Kisha peleka kwa mkuu wa kombania, ndani ya bahasha iliyofungwa. Isipite mezani kwa sajenti meja, kwa kuwa mlalamikiwa hawezi kuwa mlango wa lalamiko lake mwenyewe. Mkuu wa kombania akiwa ni mtu wa karibu naye mno, panda kwa mkuu wa kikosi. Omba ipokelewe kwa tarehe, saini na namba ya kumbukumbu. Mimi nilikuwa upande ule wa meza, nakuhakikishia barua isiyo na namba hupotea kirahisi kama sindano mchangani.

Siku hiyohiyo omba mambo mawili yasiyongoja uchunguzi. La kwanza, ratiba ya lindo ya kombania ipangwe na mtu mwingine, na ratiba za wiki zote zilizopita zihifadhiwe pamoja na daftari la wagonjwa. Watu hubishana walichosikia, lakini lindo nne za usiku zilizoandikwa kwa mwandiko wa mtu na kubandikwa ubaoni haziwezi kubishiwa. La pili, kama ni lazima mmoja asogezwe pembeni wakati wa uchunguzi, asogezwe mwenye cheo. Umeniuliza kama umshauri binti aombe uhamisho. Usimshauri. Akitaka mwenyewe ni haki yake kuomba, lakini ukimwondoa yeye kikosi kizima kitasoma kwamba anayeandika ndiye anayefungasha begi, na atakayeletwa kujaza nafasi yake atamkuta sajenti meja palepale.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, maana wengi mnadhani ukivaa sare sheria za raia zimebaki getini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kwa sehemu kubwa haiwagusi wanajeshi, kwa hiyo msipoteze nauli kwenda kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi. Lakini sheria hiyohiyo imeacha vifungu vitatu viwafunike hata walioko majeshini, na kimojawapo ni cha 7, kinachokataza ubaguzi. Kinataja jinsia, kinataja kabila na mahali mtu anakotoka, na kinasema unyanyasaji kwa misingi hiyo ni ubaguzi. Kumwita askari "Tanga" na kumuuliza habari za kupokea wageni ni hapo hapo. Utani huo tumeuzoea mno, kwamba mwanamke wa Tanga kazi yake ni mahaba, na wengine wetu tunajivunia tukiwa arusini. Ndani ya kombania, mdomoni mwa mkubwa, ni tusi kwa jinsia yake na kwa kwao kwa pamoja.

Kumwambia aende nyumbani jioni ili lindo liwe jepesi, hiyo ni rushwa ya ngono. Ipo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, na TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Mkono kiunoni nao si utani wa uwanja wa shabaha. Unyanyasaji wa kijinsia umo katika Kanuni ya Adhabu tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia. Ngazi za jeshi zikifungwa zote, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo mwananchi yeyote anaweza kuiandikia. Nimeitaja mwisho kwa makusudi. Wakuu wa kikosi wengi niliowafanyia kazi walipopewa karatasi yenye tarehe walifanya kazi yao. Waliokuwa wanazizuia zisiwafikie ni sisi wa katikati.

Na si sisi peke yetu tunaohangaika na hili. Uingereza vijana wanne walikufa kwa risasi katika kambi ya mafunzo ya Deepcut kati ya 1995 na 2002, na familia zao zikapiga kelele miaka mingi kuhusu uonevu uliokuwa ndani ya ile kambi. Mwaka 2008 wakaweka kamishna wa malalamiko ya wanajeshi, na mwaka 2016 wakaweka mchunguzi huru aliye nje ya ngazi za amri. Afrika Kusini walitunga sheria ya kuwa na afisi ya namna hiyo mwaka 2012. Natamani sana na kwetu siku moja askari awe na mlango usioshikwa na bosi wake. Mpaka siku hiyo ifike, mlango ni sajenti wa platuni.

Sasa rafiki yako. Usimwendee kabla ya barua kufika, hata kwa nia njema. Ukimtahadharisha atapata muda wa kupanga mashahidi na kumtisha binti. Barua ikishapokelewa, mwambie mwenyewe ana kwa ana: nimeandika nilichokiona, nawe utapata nafasi ya kujieleza. Usimtukane, usimsambaze kwenye makundi ya simu, usimhukumu kabla ya wanaohusika. Anastahili kusikilizwa kama binti anavyostahili. Huenda urafiki ukafa, sitakudanganya. Ila jiulize ile ndoo mliyochangia mkiwa kuruta ilikuwa na maana gani. Mlikuwa wawili wanyonge mliokuwa mnalindana. Leo mnyonge ndani ya hanga ni mwingine.

Mkeo anakupenda na anaogopa, usigombane naye. Msomee barua hii. Kisha muulize: huyo angekuwa binti yetu, ungetaka sajenti wake awe nani?

Mama wa Mgandini usimwambie kitu. Inauma, kwa jinsi alivyokushika mkono, lakini habari hizo ni za mwanawe, naye ndiye wa kuamua mama ajue nini na lini. Kifurushi kipeleke, mpe binti mkononi, mchana, mbele ya watu, kabla hujamwambia neno lolote la karatasi, asije akadhani visheti vya mama yake ni soda nyingine.

Na barua ikishapata namba ya kumbukumbu, niandikie. Usiniandikie namba yenyewe, niambie tu kwamba imepatikana na nani anapanga lindo wiki hiyo.